Kwenda Kuna Karatasi Zake na Kurudi Kuna Zake: Historia ya Hati za Mwanafunzi wa Kubadilishana Marekani



Ndugu wasomaji, kijana wa familia yetu anapopata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, siku viza inapotoka nyumba nzima hufurahi. Majirani huja kupongeza, bibi huomba dua, na mzazi huiangalia ile karatasi iliyobandikwa katika pasipoti kana kwamba ndiyo kila kitu. Swali ambalo huulizwa mara chache siku hiyo ni hili: akitaka kuja nyumbani kututembelea, atarudije chuoni? Na akimaliza masomo, je, kuna sheria inayomtaka arudi kwao?

Maswali haya mawili ndiyo chanzo cha makala hii. Historia ya hati za wanafunzi wa kubadilishana, wale wanaokwenda kwa viza ya J-1, ni historia ya neno moja, nalo ni kurudi. Watunga sheria waliwafungulia wanafunzi njia ya kwenda, lakini kila kulipotokea mtikisiko, safari iliyoguzwa kwanza ilikuwa ile ya kurudi. Mwenye kuijua historia hii ataisoma karatasi ya mwanawe kwa jicho jingine.

JAMBO HILI SI GENI

Tusidhani kwamba hati za kutoka na kuingia zilizaliwa na serikali za leo. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika mpaka Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Misri mwaka 1326. Alieleza kuwa katika mji wa Dimyati aliyeingia hakuweza kutoka bila muhuri wa gavana. Watu wenye hadhi walipigiwa muhuri katika karatasi, na wengine wakapigiwa mkononi. Akaeleza pia kituo cha Qatya, njiani kati ya Misri na Sham, ambapo anayekwenda Sham hakupita bila hati ya Misri, wala anayekwenda Misri hakupita bila hati ya Sham.

Zingatia hapo kwamba kuingia kulikuwa jambo moja na kutoka jambo jingine. Mpangilio huu ndio tutakaoukuta katika karatasi za mwanafunzi wa leo.

MWANZO WA MLANGO

Marekani ilipotunga sheria kali ya uhamiaji mwaka 1924, ikiweka idadi maalumu ya watu kwa kila taifa, iliwatoa wanafunzi katika hesabu hiyo. Kijana aliyetimiza miaka 15 na kukubaliwa na shule iliyoidhinishwa aliweza kuingia kwa ajili ya masomo tu. Hapo msingi ukawekwa kwamba mwanafunzi ni mgeni wa muda na ana njia yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja mpango wa pili. Tarehe 1 Agosti 1946 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria iliyoletwa na Seneta J. William Fulbright wa Arkansas. Sheria hiyo iliruhusu fedha zitokanazo na kuuza mali za vita zilizobaki nchi za nje zitumike kubadilishana wanafunzi na walimu. Kisha tarehe 27 Januari 1948 Truman akatia sahihi sheria nyingine, iitwayo Smith-Mundt, ambayo ilianzisha rasmi programu za wageni wa kubadilishana. Ikumbukeni tarehe hiyo, maana tutairudia mbele.

Lengo la sheria hizi lilikuwa wazi. Mgeni aje, asome, aishi na wenyeji, kisha arudi kwao akiwa na elimu na ufahamu wa nchi ile. Kurudi nyumbani kulikuwa sehemu ya mkataba tangu siku ya kwanza.

VIJANA WETU WANAINGIA

Afrika Mashariki iliingia kwa wingi katika njia hii mwishoni mwa utawala wa Mwingereza. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81. Waliochangia ni pamoja na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Mwaka 1960 mpango ukapanuliwa kwa wanafunzi wa nchi jirani, zikiwemo Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mpaka mwaka 1963 mamia ya vijana walikuwa wamekwenda.

Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyesoma biolojia katika chuo kidogo huko Atchison, Kansas, kisha akaendelea Pittsburgh. Alirudi Kenya mwaka 1966. Hesabu miaka hiyo, ndugu msomaji. Aliondoka katika koloni akarudi katika jamhuri. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda na Burundi mwaka 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Kijana aliyeondoka na hati ya serikali moja alirudi nyumbani kwenye serikali nyingine, na wakati wote huo karatasi zake zilitakiwa ziwe hai.

Katika miaka hiyo hiyo, tarehe 21 Septemba 1961, Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya Fulbright-Hays. Ilikusanya mipango ya kubadilishana pamoja na ikaunda viza ya J, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo.

SHARTI LA MIAKA MIWILI

Ilionekana mapema kwamba baadhi ya wageni walikuja kwa mpango wa kubadilishana kisha wakabaki. Ndipo mwaka 1956 Bunge la Marekani likaweka sharti kwamba mgeni wa kubadilishana akae nje ya Marekani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Mwaka 1961 sharti hilo likaingizwa katika sheria mpya. Mwaka 1970 likapunguzwa, lisimguse kila mtu. Mwaka 1976 madaktari waliokwenda kwa mafunzo ya udaktari wakaongezwa.

Kwa hiyo sharti hili linawahusu watu wa makundi matatu. La kwanza ni waliolipiwa na serikali ya Marekani au serikali ya kwao, kwa kiasi chochote, kwa ajili ya kubadilishana. La pili ni wenye fani iliyomo katika orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwao. La tatu ni madaktari niliowataja. Ile orodha ya ujuzi ilifanyiwa mabadiliko makubwa tarehe 9 Desemba 2024, na nchi nyingi zikaondolewa, zikiwemo China na India.

Aliye chini ya sharti hili hawezi kupata ukaazi wa kudumu wa Marekani, wala viza ya kazi ya H au ya L, wala viza ya uchumba ya K, mpaka akae jumla ya miaka miwili katika nchi ya uraia wake au nchi aliyokuwa na makazi ya kudumu kabla ya kwenda. Hazuiwi kwenda tena kwa kutembea au kwa masomo. Zipo njia za kuomba kusamehewa, kwa mfano barua ya serikali yake kwamba haina pingamizi, au kuthibitisha kuwa mke, mume au mtoto aliye raia au mkaazi wa Marekani atapata dhiki isiyo ya kawaida. Lakini ni maombi, na maombi huweza kukataliwa.

Kwetu sisi wa nchi hizi, ambako mtu huweza kuwa raia wa Kongo na makazi yake Kampala, au raia wa Burundi aliyekulia Kigoma, lile neno "makazi ya kudumu" lisomwe vizuri kabla ya fomu kujazwa. Linaweza kuamua ni wapi kijana atatakiwa kuitumikia miaka yake miwili.

KARATASI NNE NA TAREHE NNE

Sasa tuzitazame hati zenyewe, maana wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni pasipoti, ambayo hutolewa na nchi yetu. Kwa kawaida hutakiwa iwe na uhai wa miezi sita zaidi ya muda wa kukaa, ingawa kuna nchi zilizosamehewa sharti hilo.

Ya pili ni viza. Hutolewa na ubalozi wa Marekani, na kazi yake ni moja tu, nayo ni kumfikisha mtu mlangoni aombe kuingia. Viza haihesabu muda wa kukaa ndani. Mwanafunzi ambaye viza yake imeisha akiwa darasani hana kosa lolote, maadamu hati zake nyingine ziko sawa. Lakini akitoka nje ya nchi, viza iliyoisha haimrudishi.

Ya tatu ni fomu iitwayo DS-2019. Hii hutolewa na chuo au shirika linalosimamia programu, na ndiyo inayoonyesha programu inaanza lini na inaisha lini. Kwa miaka mingi fomu hii iliitwa IAP-66, na wazee waliosoma huko miaka ya themanini na tisini wataikumbuka. Katika fomu hii kuna nafasi ya sahihi ya safari. Msimamizi wa programu hutia sahihi kuthibitisha kwamba mwanafunzi bado yumo katika masomo yake na anaruhusiwa kutoka na kurudi. Kwa kawaida sahihi hiyo hudumu mwaka mmoja, na haivuki tarehe ya mwisho wa programu.

Ya nne ni kumbukumbu ya kuingia, I-94. Zamani ilikuwa kadi ndogo nyeupe iliyobanwa kwa pini katika pasipoti. Tangu mwaka 2013 kwa wanaoingia kwa ndege au meli huwekwa katika kompyuta, na mwanafunzi huichapisha mwenyewe. Kwa miaka mingi wanafunzi wa J wameandikiwa hapo herufi D/S, maana yake akae kwa muda wote ambao programu yake ingali hai. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza pendekezo la kuondoa utaratibu huo na kuweka tarehe maalumu isiyozidi miaka minne. Mwenye kijana huko aulize chuoni ni utaratibu gani unaomhusu.

Tuchukue mfano. Kijana ameanza programu Agosti 2024 na inaisha Mei 2026. Viza yake iliisha Agosti 2025. Sahihi ya safari alitiwa Novemba 2024. Pasipoti yake inaisha Julai 2026. Ramadhani ya mwaka 2026 anaomba ruhusa aje kusali Idd na wazazi wake mwezi Machi. Akiwa darasani kijana huyu hana tatizo hata moja. Akipanda ndege, ana matatizo matatu kwa pamoja: viza imekufa, sahihi imepitwa na wakati, na pasipoti imebakiza miezi michache. Karatasi zile zile zinazomlinda ndani hazimrudishi akiwa nje.

Kuna nafuu moja ndogo inayofaa kujulikana. Mwanafunzi mwenye viza iliyoisha anaweza kwenda Kanada au Mexico, au baadhi ya visiwa vya jirani isipokuwa Cuba, kwa siku zisizozidi 30, akarudi kwa DS-2019 na I-94 yake. Lakini tangu mwaka 2002 nafuu hiyo haimhusu aliyeomba viza mpya akiwa huko, wala raia wa nchi ambazo Marekani imezitaja kuwa zinafadhili ugaidi. Na kwa hakika haimfikishi mtu Bujumbura wala Bukavu.

MIAKA YA MSHTUKO

Mwaka 1993 jengo la World Trade Center lilipigwa bomu kwa mara ya kwanza, na mmoja wa waliohukumiwa alikuwa ameingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi kisha akaacha chuo. Mwaka 1996 Bunge likaagiza habari za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa kompyuta. Kazi ikaenda polepole. Kisha likaja tukio la tarehe 11 Septemba 2001, na mmoja wa watekaji nyara, Hani Hanjour, alikuwa ameingia kwa viza ya mwanafunzi. Machi 2002, miezi sita baada ya tukio, shule ya urubani huko Florida ikapokea barua kutoka Idara ya Uhamiaji zikionyesha kwamba watekaji wawili waliokwisha kufa wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Aibu hiyo iliharakisha kila kitu.

Mwaka 2003 mfumo wa kompyuta uitwao SEVIS ukaanza kuwa wa lazima. Kufikia Agosti 2003 wanafunzi wote wa J walitakiwa wawe wameandikwa humo, na ile IAP-66 ya zamani ikaipisha DS-2019. Tangu hapo karatasi ni kivuli, na mwili wake umo katika kompyuta. Mwanafunzi akipunguza masomo bila idhini, au akihama nyumba bila kutoa taarifa, hali yake hubadilishwa katika mfumo, na afisa wa uwanja wa ndege huiona hata kama karatasi mkononi inaonekana nzima.

Jambo la pili la miaka ile liliwagusa Waislamu moja kwa moja. Mwaka 2002 ulianzishwa utaratibu wa kuandikisha wageni, NSEERS. Wanaume kuanzia umri wa miaka 16 kutoka nchi 25 walitakiwa wafike ofisini, wapigwe picha, wachukuliwe alama za vidole na kuhojiwa. Ukiondoa Korea Kaskazini, nchi hizo karibu zote zilikuwa za Waislamu wengi. Somalia, Eritrea, Sudan na Oman zilikuwemo. Walioandikishwa walitakiwa pia kutoka nchini kupitia vituo vilivyotajwa na kuripoti kutoka kwao. Aliyeondoka bila kuripoti aliweza kuzuiwa kuingia tena. Hapa unauona tena muhuri wa Dimyati: kosa lilifanyika wakati wa kutoka, na adhabu ikangoja wakati wa kurudi. Orodha ya nchi iliondolewa Aprili 2011, na kanuni zenyewe zikafutwa Desemba 2016.

Lakini uadilifu unatutaka tutaje na upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2002, maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar walisimamia kuanzishwa kwa mpango wa YES, unaowachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakakae mwaka mmoja na familia za Kimarekani. Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi hizo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja serikali moja ilimwandikisha kijana wa Kiislamu kwa mashaka, na ikamwalika kijana wa Kiislamu kwa gharama yake. Na kwa kuwa mpango huo hulipiwa na serikali ya Marekani, lile sharti la miaka miwili linawahusu wanafunzi wake. Wazazi walijue hilo tangu mwanzo.

JANUARI 2017

Tarehe 27 Januari 2017, siku ile ile ambayo miaka 69 nyuma Truman alitia sahihi sheria ya kubadilishana wanafunzi, Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyowazuia kwa siku 90 raia wa Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Amri ilianza kazi papo hapo, na watu wengine walikuwa angani. Wenye viza halali walizuiwa viwanjani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisema viza zilizositishwa zilikuwa chini kidogo ya 60,000. Miongoni mwa walioguswa walikuwa wanafunzi waliokuwa wametoka kwa likizo, kwa mkutano wa kielimu au kumzika mzazi. Waliobaki chuoni waliendelea na masomo, ila kutoka kukawa hatari.

Tarehe 3 Februari 2017 hakimu James Robart wa Seattle aliisimamisha amri hiyo, kwa kesi iliyofunguliwa na majimbo ya Washington na Minnesota. Moja ya hoja ilikuwa madhara kwa wanafunzi na walimu wa vyuo vya majimbo hayo. Amri ikaandikwa upya mara mbili. Toleo la Septemba 2017 Mahakama ya Juu ililipitisha tarehe 26 Juni 2018 kwa kura tano dhidi ya nne. Rais Joe Biden akalifuta tarehe 20 Januari 2021.

MWAKA 2025 NA MLANGO WETU

Safari hii moto ulifika nyumbani kwetu. Tangazo la rais la tarehe 4 Juni 2025, lililoanza kazi tarehe 9 Juni, liliwazuia raia wa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan na Eritrea, na likaweka vizuizi vya sehemu kwa nchi saba, ikiwemo Burundi. Kwa Burundi, viza zilizositishwa zilikuwa za matembezi na biashara, na za wanafunzi za F, M na J. Sababu iliyotajwa ni kwamba asilimia 17.52 ya waliotoka Burundi kwa viza za masomo na kubadilishana walipitiliza muda wao. Tarehe 16 Desemba 2025 likatoka tangazo jingine lililoongeza nchi, na Tanzania ikaingizwa katika vizuizi vya sehemu kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Isome kwa makini namna tangazo la Juni lilivyoandikwa. Lilimhusu aliyekuwa nje ya Marekani siku ile na hana viza halali siku ile. Halikufuta viza zilizokwisha kutolewa, wala halikumtoa mwanafunzi aliyekuwa ndani. Lakini Mrundi aliyekuwa chuoni na viza iliyokaribia kuisha, sahihi ya safari aliweza kuipata, pasipoti aliweza kuifanya upya, na viza mpya ya J hakuweza kuitegemea. Kwake yeye, kuja Bujumbura kwa harusi ya dada yake kungeweza kuwa ndio mwisho wa shahada.

Nchi nyingine zilipigwa kwa njia ya utulivu zaidi. Julai 2025 raia wa Ethiopia na Nigeria walibadilishiwa utaratibu, viza nyingi za muda zikawa za kuingia mara moja tu na kudumu miezi mitatu. Viza ya namna hiyo hutumika ikaisha siku mwanafunzi anapofika. Kila akitoka ni lazima aanze upya ubalozini.

Na tuseme ukweli hata kama ni mchungu. Ile asilimia iliyotajwa dhidi ya Burundi ina watu ndani yake. Mtu mmoja mmoja hakudhani kuwa kubaki kwake kutamfungia mlango kijana wa mtaa wa Buyenzi ambaye hajawahi kumwona. Unaweza kubishana kwamba si haki kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini hesabu imeshafanywa hivyo, na aliyeahidi kurudi kisha asirudi anayo sehemu yake. Ahadi ni deni, nasi tunawasomesha watoto wetu jambo hili kabla hawajajua ubalozi ni kitu gani.

MWENYE HATI YA UKIMBIZI

Katika nchi zetu hatuwezi kuandika habari hii tukawasahau vijana wanaoishi nje ya nchi zao. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, alianzisha cheti cha kusafiria kwa wasio na pasipoti. Kilikuwa na kasoro kubwa, kwamba hakikumpa mwenye nacho haki ya kurudi katika nchi iliyokitoa. Nchi nyingi zilisita kumpokea mtu ambaye huenda asiweze kuondoka kwao.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulirekebisha hilo. Hati ya kusafiria inayotolewa chini ya kifungu cha 28 humpa mwenye nayo haki ya kurudishwa katika nchi iliyoitoa wakati wowote hati ikiwa hai, ingawa nchi inaweza kuweka kikomo cha kurudi kisichopungua miezi mitatu kwa hali za pekee. Kwa hiyo kijana mkimbizi anayekwenda kwa programu ya kubadilishana ana kurudi kwa aina mbili kunakoweza kuisha kimya kimya: kurudi chuoni, na kurudi katika nchi iliyompa hifadhi. Asome tarehe zote mbili kabla ya kupanda ndege.

KABLA YA KUKATA TIKETI

Kutokana na historia hii, nawashauri wazazi na wanafunzi mambo yafuatayo:

1. Siku kijana anapoondoka, andikeni pamoja katika daftari la nyumbani tarehe nne: mwisho wa pasipoti, mwisho wa viza na idadi ya kuingia, mwisho wa programu katika DS-2019, na tarehe ya sahihi ya safari.

2. Angalieni sehemu ya chini ya DS-2019 na maandishi yaliyo kwenye viza kuhusu sharti la miaka miwili. Mlijue tangu mwanzo, msije mkaligundua siku kijana anapotaka kazi au kuoa huko.

3. Mwanafunzi asitoke bila kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Aende wiki kadhaa kabla, na aulize swali moja kwa uwazi: nikitoka leo, nahitaji nini ili nirudi?

4. Mke au mume na watoto waliofuatana naye kwa viza ya J-2 kila mmoja ana DS-2019 yake, na kila moja inahitaji sahihi yake.

5. Baada ya programu kuisha kuna siku 30 za kufungasha na kuondoka. Siku hizo ni za kutoka tu. Akitoka nje katika siku hizo, hawezi kurudi kwa karatasi zile zile.

6. Sheria zinapobadilika ghafla, kama Januari 2017 au Juni 2025, tarehe ya kuanza kazi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kijana aulize chuoni au kwa mwanasheria, asitegemee sauti za kurushwa kwenye simu.

Jambo la mwisho ni la nyumbani zaidi. Msiba hutokea, na hakuna ofisi inayoweza kumpangia mtu siku ya kufiwa. Ni vyema familia izungumze mapema, wakati wote wazima, kwamba likitokea jambo na karatasi haziruhusu, kijana asijilaumu na wala asilaumiwe. Nimeona ndugu wakimtuhumu mtoto kuwa ameisahau familia, kumbe ameshikwa na tarehe iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mama akijua mapema kwamba mwanawe huenda asiweze kuja, ataumia, lakini hatadhani ametupwa.

Sheria za watu hubadilika, na historia tuliyoisoma imetuonyesha milango ikifungwa na kufunguliwa tena. Jukumu letu ni kujua kila mara mlango upo katika hali gani kabla ya kijana hajautoka. Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu waendako, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu kwa salama.

Wabillahi tawfiq.